Asali: Faida iko kwenye maji yake

KWA mkulima mwenye mizinga katika kata ya Nyamuswa, wilayani Bunda, asali ina masoko mawili: chakula na vipodozi. Katika yote mawili, thamani yake inatokana na tabia moja, kuvuta maji.

Sukari iliyomo kwenye asali hunyonya unyevu. Ikichanganywa kwenye losheni, husaidia ngozi isikauke. Kwenye chakula, sukari hiyo hiyo huwanyang'anya bakteria na ukungu maji wanayohitaji ili kuishi. Ndiyo maana Waogiek wa msitu wa Mau, nchini Kenya, walihifadhi nyama kwa asali tangu enzi za mababu.

Hata hivyo, tabia hiyo inaweza kumtia mfugaji hasara. Asali ikiachwa wazi, hasa wakati wa masika, huvuta unyevu wa hewani. Viwango vya kimataifa vinataka maji yasizidi asilimia 20. Yakizidi hapo, hamira ya asili iliyomo huamka, asali hutoa povu, huchachuka na mnunuzi huikataa.

Kinga huanzia mzingani. Vuna masega ambayo angalau robo tatu ya vyumba vyake vimezibwa kwa nta. Nyuki huviziba asali inapoiva, kwa kawaida maji yakiwa karibu asilimia 18. Masega mabichi yaache, na usivune mvua ikinyesha.

Tumia ndoo za plastiki za kuhifadhia chakula, zilizokauka kabisa na zenye mfuniko unaobana. Debe lenye kutu halifai, kwani asali ina asidi inayokula chuma.

Aidha, anayetaka kusindika asali au kutengeneza losheni ya kuuza aanzie Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu Julai 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula na vipodozi. Mnunuzi naye aelezwe kuwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali, kwa kuwa inaweza kubeba vimelea vya sumu hatari kwake.

Jambo la mwisho: usichanganye asali mbichi na iliyoiva ili ujaze ndoo. Mbichi itachachua yote. Ni heri upeleke sokoni nusu ndoo inayouzika kuliko ndoo nzima utakayorudi nayo nyumbani.