Chujio la hewa la ghali na ndoto ya kuokoa dizeli

Malori yanayotoka bandari ya Durban kwenda Johannesburg kwa barabara kuu ya N3 huanza kupanda mlima mapema, pale Westville, na hapo dizeli huanza kuliwa. Je, mwenye lori akiondoa eya klina ya kiwandani na kufunga chujio na bomba la hewa la kampuni nyingine, gharama itapungua?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Injini ya dizeli kwa kawaida haibanwi hewa kama ya petroli. Nguvu yake hutegemea kiasi cha mafuta yanayopulizwa ndani. Hata kwa petroli, maabara ya Oak Ridge nchini Marekani ilibaini mwaka 2009 kwamba chujio lililoziba halikubadilisha sana ulaji wa mafuta wa magari ya kisasa, ingawa yalichelewa kuongeza kasi. Kwenye lori lenye turbo, chujio lililoziba huitaabisha turbo, lakini dawa yake ni chujio jipya la kawaida.

Hatari ni vumbi. Baadhi ya vichujio vya pamba iliyopakwa mafuta hupitisha vumbi zaidi, nalo husaga turbo na silinda. Na kufumua injini ya lori kwaweza kumeza faida ya safari nyingi. Akiba ya hakika imo katika upepo wa matairi na mguu wa dereva, vitu ambavyo, bahati mbaya kwa wauza vipuri, haviuzwi dukani.