Somo la migomba ndani ya kadi ya simu

Siku ya soko wanachama wengi wanafika Goma na mambo mawili kichwani: bei ya mazao na mega za simu. Mega mara nyingi zinaisha mapema kuliko mazao. Ndiyo maana tukisema mkulima anaweza kusoma kwa intaneti, watu wanacheka. "Rezo yenyewe tunaipandia kilima," alituambia mama mmoja wa Masisi, "na simu ni ya bwana."

Ana haki. Lakini somo halihitaji rezo kila siku. Linaihitaji mara moja tu, siku ya kulishusha.

Tuchukue mnyauko wa migomba, ambao ulionekana Masisi mwaka 2001 na hauna dawa mpaka leo. Majani yanakuwa manjano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zimeoza, na ukikata shina unatoka utomvu wa manjano. Zamani tulifundishwa kung'oa shina pamoja na watoto wake wote. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na nyumba inabaki bila chakula wala kasiksi ya kuuza. Baadaye watafiti walionyesha, hapa hapa Kivu, kwamba unaweza kukata lile shina gonjwa peke yake, chini kabisa usawa wa udongo, mara tu dalili inapoonekana, na kurudi shambani kila wiki. Ua dume linavunjwa kwa kijiti chenye panda, siyo kwa panga. Na panga lenyewe linapita motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine.

Ukisikia hayo mkutanoni, kesho umesahau nusu. Kwa video unarudia mara tano, hata kama hukusoma shule. Access Agriculture wanatoa video za wakulima bure, nyingine kwa Kiswahili. Mmoja anazishusha akiwa mjini, anaziweka kwenye kadi ya memori, halafu zinatembea simu kwa simu kwa Bluetooth bila mega hata moja. Kwa muhogo kuna programu ya Nuru, ya simu za Android: ukishaiweka, inapima jani na kutaja ugonjwa bila rezo, kwa Kiswahili.

Kodi ya RAM iliyokuwa inakula unite zetu iliondolewa mwaka 2022, tukapumua kidogo. Mega bado ni ghali, kwa hiyo kuchangia mega za kooperative ni afadhali kuliko kila mtu kuhangaika peke yake.

Shida kubwa ni nani anashika simu. Katika kooperative moja tuliyotembelea, simu ya chama ilikaa kwa prezida, na akina mama, ambao ndio wanalima migomba, hawakuigusa miezi mitatu. Wakaihamishia kwa mama anayetunza sanduku. Sasa wanakutana kwake Jumapili baada ya ibada. Tulipofika, mapanga manne yalikuwa tayari kwenye makaa.