Paneli zikiibwa kabla ya kufungwa, nani anabeba hasara?

Mkandarasi anayefunga pampu ya maji ya nguvu za jua katika makazi ya wakimbizi ya Lobule, wilayani Koboko, huenda akanunua vifaa vyake Kampala na kuvisafirisha kwa zaidi ya kilomita 500. Vikifika, hukaa bohari au chini ya turubai hadi mafundi watakapokuwa tayari. Je, vikiibwa au kuungua kabla ya makabidhiano, hasara ni ya nani?

Kwa kawaida ni ya mkandarasi. Mikataba mingi ya ujenzi, ikiwemo inayofuata masharti ya FIDIC, humwachia dhamana ya kazi na vifaa hadi mwenye mradi atakapoipokea rasmi.

Suala hilo lina uzito katika eneo la West Nile, ambalo kwa miaka mingi lilitegemea jenereta na kituo kidogo cha Nyagak chenye megawati 3.5. Gridi ya taifa ilifika Arua mwaka 2024, kwa njia ya kilovolti 132 inayopitia Gulu na Nebbi. Umeme huo hauna faida nyumbani wala dukani bila transfoma, nyaya na mita, na vyote hivyo husafirishwa, huhifadhiwa na kufungwa na mtu fulani.

Wakandarasi wengi wadogo hudhani bima waliyo nayo inatosha. Hata hivyo, bima ya moto ya bohari kwa kawaida huishia mlangoni mwa bohari, na ile ya mizigo safarini mara nyingi hukoma mzigo unaposhushwa. Bima ya ufungaji hukusudiwa kuziba pengo hilo: inaweza kujumuisha safari, hifadhi, ufungaji na majaribio ya mitambo.

Muda wake nao ni wa kuangaliwa. Daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo mwezi Septemba 2024, malori ya kwenda West Nile yalilazimika kuzunguka. Mradi ukichelewa na hati ya bima ikaisha bila kuongezwa muda, vifaa vilivyobaki havina kinga.

Kosa linalowagharimu wengi zaidi ni kutaja thamani ndogo ili kupunguza ada. Chukua vifaa vya shilingi milioni 100 vilivyokatiwa bima ya milioni 60. Ikitokea hasara ya milioni 20, kampuni inaweza kulipa milioni 12 tu, kwa uwiano uleule, na bado ikakata sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mkataba unamtwika mteja. Thamani sahihi hujumuisha pia nauli na ushuru.

Kwa kawaida bima hii hailipi gharama ya kurekebisha kazi mbovu ya fundi, uchakavu wala hasara ya vita. Wizi nao huwa na masharti, kama vile mlinzi au ushahidi wa kuvunjwa kufuli. Turubai pekee huenda lisitoshe. Mteja asiyeridhika na namna dai lake lilivyoshughulikiwa anaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima ya Uganda.