Anwani ya Mtu Alalaye Garini

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, ambako ndizi, maharage na kahawa huondoka mashambani kwa malori na thamani yake ikarudi kwa njia nyingi, wako watu ambao riziki imewafanya kuwa wakazi wa barabara: madereva na utingo wapakiao mzigo Nkwenda au Omurushaka, wakaushusha Mwanza, wakapata mwingine wa kupeleka Kahama, wakala kwa mama lishe wa kituo chochote kilichowakuta na njaa, wakalala nyuma ya usukani, na aghalabu mwezi ukaandama na kukoma pasipo wao kukanyaga kizingiti cha nyumba walimozaliwa. Wamo pia wanunuzi wa ng'ombe wanaozunguka na minada, na wachimbaji wadogo wa bati huko Kyerwa, ambao huhama kila shimo likomapo kutoa. Siku mmoja wao asimamapo mbele ya karani wa benki kutaka kufungua akaunti, akiwa na fedha halali mkononi na jasho lake likiwa shahidi, swali limkwamishalo huwa dogo kwa maneno na zito kwa maana: unaishi wapi?

Swali hilo halikutungwa kwa kumbughudhi msafiri. Sheria ya Kudhibiti Utakasishaji wa Fedha Haramu ya mwaka 2006 imeifanya kuwa faradhi kwa kila benki nchini kumjua mteja wake kwa ithibati, ajulikane ni nani, atoka wapi na fedha zake zachumwa kwa kazi gani. Na juu ya sheria hiyo lipo jicho la FATF, kikosi cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, kilichoundwa Paris mwaka 1989, ambacho Oktoba 2022 kiliiweka Tanzania katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, isitoke humo hadi Juni 2025. Katika nchi ya mpakani, ambako Mto Kagera wapita baina ya Murongo ya kwetu na Kikagati ya Uganda, na ambako kahawa imevushwa kwa magendo miaka mingi kila bei ya ng'ambo ilipozidi ya huku, benki ina sababu ya kuwa na hadhari. Mwenye insafu hataitaka benki iache kuuliza. Atakalo ni kwamba jibu la kweli lipokewe.

Na jibu hilo, kwa desturi ya nchi yetu, halitoki katika tofali na bati la nyumba. Hutoka katika ofisi ya kijiji. Mtu huenda kwa mtendaji wa kijiji, au kwa mwenyekiti wa mtaa akiwa mjini, akapewa barua ya utambulisho yenye picha yake iliyogongwa muhuri, isemayo kwamba fulani ni mkazi wetu na tunamfahamu. Kisha barua hiyo huenda benki pamoja na namba ya kitambulisho cha taifa, yaani ya NIDA, yenye tarakimu 20, ambayo nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenyewe. Sanduku la posta lilitosha zamani kwa kupokelea barua, lakini halikuwa makazi na halijawa. Tangu Februari 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua operesheni ya anwani za makazi kabla ya sensa ya Agosti mwaka ule, barabara zimepewa majina na nyumba namba, hata vijijini, pamoja na postikodi ya tarakimu tano, ambayo kwa Kagera huanza na 35. Kwa mwenye nyumba, hii ni neema tupu. Lakini kwa alalaye garini ni neema yenye tashwishi, maana lori halina namba ya nyumba, na namba ya usajili iliyo kwenye kibao chake yatambulisha chombo tu, ghairi ya nafsi iliyomo.

Msafiri asidhani kwamba yeye ni wa kwanza kupatwa na shida hii katika ardhi hii. Karne ya kumi na tisa, kabla na baada ya Mukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe, kumpokea msafiri Mwingereza Speke mwaka 1861, wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, hapa hapa Karagwe, na wengi wa watu wa misafara hiyo, iliyobeba pembe za ndovu na, kwa msiba wa nchi, wanadamu pia, walikaa njiani miaka. Hata hivyo walikopeshwa mali nyingi na matajiri wa Unguja. Tharia Topan alimkopesha Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip, hali akijua kwamba mdaiwa wake atapotelea bara kwa muda usiojulikana. Aliyekopesha alitegemea dhamana: ukoo wa mtu, jina lake, na watu wa pwani ambao wangeulizwa habari zake. Kwa itikadi yangu maana ya makazi mbele ya benki ingali ile ile. Ni mahali ambapo mtu akitafutwa atapatikana, au watapatikana watu wenye kumjibia.

Basi alalaye garini na ashike kijiji kimoja na kukidumisha. Ikiwa wazazi wako Kaisho, au mke na watoto wako Bugene, makazi yake ni huko, na hilo ni kweli tupu madhali huko ndiko arudiko, ndiko atoako mchango wa shule na ndiko watakakomzika. Aichukue barua ya mtendaji angali nyumbani, kwa kuwa kuifuata kutoka Kahama ni gharama na kupoteza siku. Ahakikishe jina lake limeandikwa kwa herufi zile zile katika NIDA, leseni ya udereva, namba ya mlipakodi na usajili wa laini ya simu, kwani majina mengi ya Kinyambo na Kihaya hupotoshwa na makarani kwa herufi moja, na herufi hiyo moja imerudisha watu wengi majumbani. Mahali pa kazi aandike kazi yake kama ilivyo, dereva wa masafa marefu, ili benki isishangae kuona fedha zikitolewa leo Biharamulo na kesho Shinyanga. Akihama kweli, aiarifu benki. Na ikiwa barua imechelewa, benki kadhaa zina akaunti nyepesi zifunguliwazo kwa namba ya NIDA na alama ya kidole, hata kwa wakala, zenye kikomo cha fedha. Mtu aweza kuanza nayo, akaja kuipandisha daraja baadaye.

Lakini mambo mawili namsihi ayaepuke kwa nguvu zote. La kwanza ni kutaja nyumba ya wageni au chumba cha rafiki kuwa makazi yake, kwa sababu taarifa ya uongo katika fomu ya benki yaweza kumfungia akaunti siku ile aihitajiyo zaidi. La pili, nalo limezoeleka mno miongoni mwa utingo, ni kuweka fedha katika akaunti ya tajiri wa gari au ya kaka. Fedha iliyo katika akaunti ya mtu mwingine ni ya mtu huyo mbele ya sheria mpaka ithibitishwe vingine, na mwenye akaunti akifariki huingia katika mirathi yake, nawe ukasimama mahakamani ukidai jasho lako kwa maneno matupu.

Wako pia wasio na kijiji kinachokubali kuwasemea, na mioyo yao yafaa ihurumiwe. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga ilipita Kagera, Geita na Kigoma kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali, na tangu hapo mtu wa mpakani asiyekaa mahali pamoja huulizwa asili yake kwa ukali zaidi ya jirani yake akaaye. Mlinzi wa mpaka atimize dhima yake. Ila mtendaji amjuaye mtu tangu utoto asimnyime barua kwa kuwa tu haonekani kijijini siku za kazi.

Mataifa mengine yamelikabili jambo hili kwa maandishi. Marekani, ambako maelfu ya watu huishi katika magari yaliyojengwa kwa kukaliwa, kanuni ya mwaka 2003 yadai anwani ya makazi, lakini asiye nayo aruhusiwa kutoa ya jamaa yake wa karibu au ya mtu mwingine wa kuwasiliana naye. Umoja wa Ulaya, kwa maelekezo yake ya mwaka 2014, umempa haki ya akaunti ya msingi kila mkazi halali, hata asiye na anwani maalumu.

Sisi hatuhitaji kuanza mbali hivyo, kwa kuwa kijiji tunacho tayari. Yatosha daftari la wakazi la kila kijiji cha Karagwe na Kyerwa liwe na safu ya wale ambao kazi yao ni ya safari, na katika safu hiyo liandikwe jina la ndugu wa kuulizwa, namba ya nyumba yake na simu yake, na mtendaji aihuishe orodha hiyo kila mwaka msimu wa kahawa ufunguapo, wakati ambapo malori mengi, na wenyewe waliomo, huwa wamerejea.