Viazi vya Lushoto vya Kujaza na Kuoka: Mlo wa Jioni kwa Jamaa ya Mfanyakazi

Saa kumi na mbili za jioni ndiyo saa ngumu kuliko zote katika nyumba ya mfanyakazi wa mjini. Mama ndiyo kwanza anatoka kazini, baba yu bado katika basi, watoto wamerudi shuleni na njaa, na jiko halijawashwa. Aghalabu hapo ndipo anapotumwa mtoto mmoja kwenye kibanda cha njiani akalete chipsi. Chipsi si haramu. Lakini fedha itokayo kila jioni kwa chipsi za watoto wanne ni kubwa kuliko wazazi wengi wanavyodhani, na mtoto aliyekula viazi vilivyokaangwa katika mafuta yaliyochemka tangu asubuhi ameshibishwa tu, hakulishwa.

Viazi hivyo hivyo vyaweza kupikwa nyumbani kwa namna nyingine: vikachemshwa na maganda yake, vikakatwa, vikajazwa kitoweo, kisha vikaokwa. Kazi yote huchukua muda wa saa moja na robo hivi, na jiko moja la mkaa latosha.

Viazi mviringo vifikavyo Dar es Salaam hutoka kwa wingi katika nyanda za juu za kusini, yaani Mbeya, Njombe na Iringa. Lakini mtu wa Tanga akitaja viazi humaanisha vya Lushoto. Huko Lukozi, Malindi, Mlalo na Mtae, katika milima ya Usambara Magharibi, hali ya hewa ni ya baridi na kiazi hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne. Magunia hushushwa kwa malori kupitia kona za Soni mpaka Mombo, kwenye barabara kuu. Na kiazi chenyewe ni mgeni milimani. Wasambaa wa kale waliishi zaidi kwa ndizi. Asili ya kiazi ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, nacho kilifika Usambara kwa mikono ya Wazungu. Wajerumani, ambao waliuita mji wa Lushoto Wilhelmstal, walitaka chakula cha kwao mezani. Leo ni Msambaa anayekilima na kukiuza.

Kumlima mgeni huyo kuna gharama yake. Kiazi hutaka udongo uliotifuliwa, na udongo uliotifuliwa kwenye mteremko huchukuliwa na mvua. Ndiyo maana mradi wa SECAP, ulioanzishwa Lushoto mwaka 1981 kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani ya Magharibi, ulihimiza matuta na majani ya kuzuia mmomonyoko. Kisha mkulima aliyeuokoa udongo wake hukutana na lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo na kushonewa kilemba. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini mkulima wa lumbesa hulipwa bei ya gunia moja kwa mzigo wa gunia na zaidi. Mtu wa mjini asidhani kwamba ziada ile humfikia yeye, kwani sokoni huuziwa kwa fungu au kwa sado, na sado yenyewe mara nyingine imebonyezwa kitako. Mwenye nafasi ya kununua kwa mizani na anunue kwa mizani.

Katika kuchagua, tafuteni viazi vigumu, visivyo na mikunjo, vinavyolingana ukubwa ili viive pamoja. Kiazi chenye rangi ya kijani kimepigwa na jua, na humo hujengeka sumu iitwayo solanini, ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Kwa kuwa katika mapishi haya ganda huliwa, jambo hili si la kupuuza hata kidogo: kiazi cha kijani kiwekeni kando, msimpe mtoto. Vilivyobaki vihifadhiwe penye giza na hewa, wala si katika mfuko wa plastiki.

Kwa watu sita chukueni viazi vikubwa 12, ambavyo ni kama kilo mbili. Vitunguu viwili, nyanya tatu, karoti moja, fungu moja la mchicha, kikombe kimoja cha dagaa wakavu waliosafishwa, vijiko vitatu vya mafuta, robo kikombe ya maziwa, chumvi, na ndimu. Badala ya dagaa mwaweza kutumia robo kilo ya nyama ya kusaga, au maharage yaliyobaki jana, ambayo kwa maoni yangu ndiyo matamu kupita yote yakitiwa tui zito kidogo. Mwenye jamaa aliyeshuka Lushoto na jibini ya Irente, na alikwangue juu kabla ya kuoka.

Sugueni viazi kwa kumbi la nazi mpaka udongo wote utoke. Jiko likishika moto mkali, vichemsheni na maganda yake katika maji ya chumvi kwa dakika 20 hivi, mpaka kisu kiingie bila kulazimishwa, lakini ganda lisipasuke. Kuvichemsha kwanza kunaokoa mkaa, kwa maana kiazi kibichi kikubwa hutaka saa nzima ya kuoka. Mwageni maji, kisha rudisheni sufuria motoni bila kifuniko kwa dakika mbili ili viazi vikauke.

Wakati viazi vinachemka, vitunguu na mchicha vikatwe. Kazi hii haihitaji mama; baba aliyefika ana mikono, na mtoto wa miaka kumi aweza kuchambua dagaa. Viazi vikitoka, kaangeni vitunguu kwa vijiko viwili vya mafuta, tieni dagaa wakauke, kisha karoti na nyanya, mwisho mchicha, ambao hautaki zaidi ya dakika tatu. Kamulieni ndimu.

Kateni kila kiazi mara mbili kwa urefu. Komboeni ndani kwa kijiko, mkiacha ukuta wa unene wa nusu kidole. Mkikomboa zaidi ya hapo kitalegea na kuvunjika mkononi. Pondeni kilichotolewa pamoja na maziwa, changanyeni na kitoweo, rudisheni ndani mpaka kifanye kilima, na pakeni ganda mafuta yaliyobaki.

Asiye na tanuri afanye kama anavyooka keki. Mchanga mkavu hutandazwa katika sufuria kubwa, viazi hupangwa katika sahani ya bati juu ya mchanga, sufuria hufunikwa, na makaa huwekwa juu ya kifuniko, mengi kuliko yale ya chini. Baada ya dakika 15 hadi 20 juu patakuwa pamepata rangi ya kahawia. Wale wanaoishi chumba kimoja cha kupanga wapikie uani au barazani: hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa haina harufu ya kumwonya mtu, nayo huua.

Kiazi hutia nguvu, na kikichemshwa na ganda huhifadhi vitamini C zaidi. Dagaa hujenga mwili na kuleta madini ya chokaa kwa mifupa ya watoto. Mchicha hulinda mwili. Kwa hiyo hapana haja ya kupika kitu kingine, isipokuwa matunda yakiwapo.

Vyenye maharage vikibaki, vifunikeni mahali pa baridi na asubuhi vipasheni moto juu ya mchanga ule ule mpaka vichemke hadi ndani, kabla watoto hawajakwenda shule. Vyenye samaki au nyama, kama hamna jokofu, vimalizwe usiku ule ule.