Theluji Juu, Tope Chini: Tairi Gani kwa Lori la Moshi?

Alfajiri, theluji ya Kibo huonekana waziwazi kutoka Moshi mjini. Basi si ajabu mwenye lori kuvutiwa na tairi kutoka ng'ambo lenye alama ya mlima na chembe ya theluji ubavuni. Alama hiyo huonyesha kwamba tairi limepimwa katika theluji. Lakini hakuna barabara ya lori ifikayo kwenye theluji ya Kibo.

Mpira wa kawaida huanza kukakamaa baridi ishukapo chini ya nyuzi 7 hivi za Sentigredi, kwa hiyo ule wa tairi la theluji hutengenezwa uwe laini. Katika joto la Moshi ulaini huo ni hasara: tairi huliwa upesi.

Adui wa lori literemkalo Kibosho na shehena ya ndizi wakati wa masika ni tope. Theluji ikishindiliwa katika mifereji ya tairi husaidia, kwa kuwa theluji hushikana na theluji. Tope likijaa humo, tairi jipya huwa sawa na kipara. Kwa hiyo itafutwe mifereji mipana, yenye kina, iliyo wazi hadi ukingoni, ili tope litupwe nje tairi lizungukapo.

Tairi la namna hiyo hunguruma na kuisha mapema katika lami ya kwenda Himo. Ndiyo maana wengi hulifunga nyuma tu, kwenye magurudumu yanayosukuma. Hilo lakubalika, mradi vipara visihamishiwe mbele: mteremkoni, usukani na sehemu kubwa ya breki hutegemea magurudumu hayo.