Friji: Zungusha Usome Nyuma Kabla ya Kulipa

Ukinunua friji ya duka au ya nyumbani hapa Kegonga, iwe mpya kutoka Migori au mtumba, igeuze kwanza usome kibandiko kilicho karibu na kompresa. Kinataja gesi iliyomo, na hapo ndipo gharama hujificha.

R12 utaikuta kwenye friji kuukuu, za kabla ya katikati ya miaka ya 1990. Bei yake ni ya kutupa. Lakini gesi hiyo ina klorini, na ikivuja hupanda taratibu hadi kwenye tabaka la ozoni angani na kulivunja. Setilaiti ya Nimbus-7, iliyorushwa 1978, ilipima ozoni kwa kuangalia miale ya urujuanimno ya jua inayorudishwa angani: ozoni ikipungua, miale ambayo kwa kawaida ingemezwa hurudi kwa wingi. Mwaka 1985 watafiti Waingereza wa kituo cha Halley, waliopima kutoka ardhini, walitangaza kwamba ozoni ya Antaktika inaporomoka kila Septemba na Oktoba. Setilaiti ikaonyesha tundu lenye ukubwa wa bara. Mkataba wa Montreal ukafuata 1987, na nchi kama Kenya zikapewa hadi 2010 kuachana na gesi za jamii ya R12. Kwa mnunuzi, maana yake ni hii: R12 ikiisha, hupati ya kujaza kihalali.

Kuna pia stima. Tuseme friji kuukuu inakula uniti 2 kwa siku na mpya 0.6, na uniti ni shilingi 28. Ya kwanza itakumalizia tokeni za takriban shilingi 1,680 kwa mwezi, ya pili kama 500. Kwa mwaka tofauti inakaribia 14,000, na ule urahisi wa mtumba umeshaliwa.

Badala ya R12 utakuta R134a au R600a. R134a haigusi ozoni na mafundi wengi wameizoea, ila hupasha dunia joto zaidi ya mara elfu kuliko kaboni dioksaidi, ndiyo maana makubaliano ya Kigali ya 2016 yanaibana. Mimi ningechukua R600a. Haina madhara kwa ozoni, huongeza joto la dunia kidogo mno, na friji ya nyumbani hutumia makumi ya gramu tu. Kasoro yake ni kwamba inawaka, kama gesi ya kupikia. Kwa hiyo usikubali fundi aijaze kwenye friji ya R12: swichi za zamani zinaweza kutoa cheche.

Friji mpya pia hubeba lebo ya nyota ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, yenye uniti za mwaka mzima. Zigawe kwa 12, uzidishe kwa bei ya uniti yako, ndipo uanze kupatana bei.